Istanbul, Cairo au Buswelu? Naombeni ulinganisho kabla sijaharibu hela

Mabondo Mwaloni (mtoa mada)

Wakuu, mwangaluka. Niko hapa Mwanza, nanunua mabondo (vibofu vya samaki) na dagaa kidogo pale Mwaloni Kirumba. Nimejibana miaka minne, na ukiongeza kiwanja nilichouza Kisesa nina kama dola elfu 95.

Mdogo wangu hufuata nguo Laleli, Istanbul. Safari hii karudi na kabrasha la dalali wa huko. Apatimenti ya vyumba viwili, bwawa la kuogelea, geti lenye walinzi, na ukurasa wa mbele picha ya Hagia Sophia, ule msikiti wao wa kale, jua linapozama. Dola 88,000, kianzio nusu, iliyobaki miezi 24. Dogo haongei kitu kingine nyumbani. Shemeji yetu mmoja aliyesoma Misri anasema kwa hela hiyo hiyo Cairo nachukua mbili. Mama watoto anasema nijenge Buswelu, hapa hapa Mwanza, niache kiherehere.

Nataka kusikia kutoka kwa waliofika. Kama una ya kusikia kwa jirani, kaa nayo.

Mama Laleli

Kaka, mimi Istanbul naenda tangu 2014, na hao madalali nawajua kwa harufu ya manukato yao. Wanakufuata hotelini na gari nzuri, bila malipo. Wanakupitisha kwanza Sultanahmet, unaona msikiti wa bluu, wanakununulia chakula, unapiga picha. Halafu gari linashika barabara kuu. Linakwenda, linakwenda. Nilisinzia nikaamka, bado linakwenda. Tukashushwa Esenyurt, maghorofa yamesimama kama mahindi, hakuna hata jiwe moja la zamani.

Ndugu yangu, umeonyeshwa mji wa kale, unauziwa mji mwingine. Kutoka Esenyurt mpaka Sultanahmet ni kama kilomita 30, na foleni ya huko usiifananishe na ya Buzuruga. Muulize dogo: hiyo apatimenti iko wilaya gani? Siyo "Istanbul". Wilaya.

Kutembelea, nenda hata kesho. Hagia Sophia ilikamilika mwaka 537, ukiingia unahisi shingo inauma kwa kutazama juu. Mgeni analipa euro 25 tangu Januari 2024, na unapita ghorofa ya juu maana chini ni sehemu ya ibada. Msikiti wa bluu wa pembeni yake ni bure. Panda feri Eminönü kwenda Kadıköy, ni nauli ya kawaida tu ya wenyeji, lakini umevuka kutoka Ulaya hadi Asia kabla kikombe chako cha chai hakijapoa. Mimi nikiwa juu ya ile feri huwa nakumbuka feri yetu ya Kamanga.

Ila mkate wa samaki wa pale Eminönü usikudanganye wewe mtu wa Mwaloni. Niliuliza samaki anavuliwa wapi, wakaniambia anatoka Norway, kwenye barafu. Maji yapo pale pale miguuni!

Mabondo Mwaloni

Nimemuuliza. Ni Esenyurt. Kanuna.

Nshomile wa Rwamishenye

Hahaha, pole kwa dogo.

Mimi niseme moja tu. Septemba 10, 2016 nilikuwa Bukoba. Lile tetemeko lilikuwa la 5.9, na nyumba ya baba ya matofali ya kuchoma ilipasuka kuanzia dirishani hadi kwenye lenta. Mpaka leo lori zito likipita natoka nje.

Sasa Istanbul imekaa karibu na ufa wa Anatolia ya Kaskazini, unaopita chini ya bahari ya Marmara. Agosti 17, 1999 uliachia upande wa Izmit, wakafa watu zaidi ya 17,000. Aprili 23, 2025 likapiga la 6.2 baharini, karibu na Silivri, yaani upande huo huo wa magharibi unakopelekwa wewe kwenda kununua. Na lile kubwa la Februari 2023 lilikuwa kusini, mbali na Istanbul, lakini liliua zaidi ya watu 50,000 Uturuki peke yake, na kati ya majengo yaliyolala chini yalikuwemo mapya yaliyosifiwa na madalali kama hao.

Ukinunua, ulizia mwaka wa jengo. La kabla ya 1999 usikanyage. Kuna bima ya lazima ya tetemeko inaitwa DASK, bila hiyo hata umeme na maji hawakuunganishii. Lakini usidhani inalipa thamani yote ya nyumba, ina ukomo wake.

Mzee wa Isamilo

Vijana, shikamooni hamsemi siku hizi, haya.

Nimefanya kazi ya ardhi maisha yangu yote, sasa nimestaafu, nawaangalia tu. Huyu dalali hakukosa kumwambia mdogo wako kwamba ukinunua nyumba Uturuki unapewa pasi ya kusafiria. Je, alisema au hakusema?

Mabondo Mwaloni

Shikamoo mzee wangu. Alisema. Kwenye kabrasha ipo kabisa, kwa herufi kubwa.

Mzee wa Isamilo

Marahaba. Sikiliza.

Uraia kwa kununua nyumba ulianza 2017 kwa dola milioni moja. 2018 wakashusha hadi 250,000. Juni 2022 wakapandisha, sasa ni dola 400,000, na huruhusiwi kuuza kabla ya miaka mitatu. Kwa hiyo wewe na 88,000 zako haumo. Hata kibali cha kuishi tu kwa sababu ya kumiliki nyumba, tangu Oktoba 2023 inatakiwa nyumba ya dola 200,000. Maana yake utakuwa na nyumba yako, funguo mfukoni, na kila ukitaka kwenda kuiona unaomba viza kama mtalii mwingine.

Tena tuseme ungekuwa nazo hizo 400,000. Sheria yetu haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Siku unapokea wa Uturuki, wa Tanzania umekwisha. Na asiye raia hamiliki ardhi hapa kwa utaratibu wa kawaida. Hicho kiwanja cha Buswelu cha mama watoto kitakuwa cha nani? Watu wanauza ng'ombe kununua kamba.

Dagaa Mchele

Mzee umemaliza kikao 😂 Nakaa pembeni na karanga zangu.

Ngosha wa Beylikdüzü

Nimesoma mpaka hapa nimeona niongee, maana mnamtisha mtu kana kwamba kule wote tumeliwa.

Nilinunua wilaya ya Beylikdüzü 2019, vyumba viwili, dola 51,000 taslimu, jengo limekwisha na watu wanaishi. Wakati huo masharti yalikuwa mepesi na kibali cha kuishi nilipata. Baadaye bei zikaruka, hasa 2022, hata kwa hesabu ya dola. Nyumba kama yangu, jengo lile lile, imeuzwa juu kwa zaidi ya nusu ya nilichotoa. Kwa hiyo sijutii.

Lakini kodi ni habari nyingine. Mpangaji analipa kwa lira. Mwanzoni mwa 2018 dola moja ilikuwa chini ya lira 4, katikati ya 2025 ikafika kama 40. Na kuanzia Juni 2022 hadi Julai 2024 serikali iliweka kwamba kodi ya nyumba ya kuishi haipandi zaidi ya asilimia 25 kwa mwaka, wakati mfumuko wa bei ulikuwa umepita asilimia 80. Nilikuwa napokea hela ambayo mke wangu aliita ya vocha. Mpangaji hatoki, na kumtoa ni mahakama.

Kuna na aidat, mchango wa kila mwezi wa walinzi, lifti, bwawa. Hilo bwawa kwenye picha utalilipia wewe ukiwa Mwanza unaoga ziwani. Yangu ilianza ndogo, sasa inapanda kila wanapokutana.

Kama bado unataka, haya ndiyo nimeyajua kwa kuumia. Hati yao inaitwa tapu. Usilipe kianzio kwa karatasi ya dalali, fedha ibadilishane na tapu kwenye ofisi ya serikali ya hati, siku hiyo hiyo. Tapu ya bluu ni ya ardhi au jengo ambalo kisheria halijakamilika, nyekundu ndiyo ya jengo lililokamilika. Ulizia iskan, kibali cha jengo kukaliwa. Mgeni lazima apate ripoti ya mthamini, na tangu 2022 lazima dola zako zipite benki zibadilishwe kuwa lira upewe cheti chake, bila hicho hawahamishi umiliki. Kodi ya kuhamisha ni asilimia 4, sheria inasema mgawane na muuzaji, lakini watamtazama mgeni mpaka alipe yote.

Hiyo yako ya miezi 24 ina maana jengo halijaisha. Hapo mimi ningekataa palepale.

Mabondo Mwaloni

Asante sana ngosha, hii ndiyo nilikuwa naitafuta. Swali: wale wanaopangisha watalii kwa siku siku, haiwezekani?

Ngosha wa Beylikdüzü

Iliwezekana. Tangu Januari 2024 unahitaji kibali, na kibali kinataka wenye nyumba wote wa jengo waseme ndiyo. Wote. Jengo langu lina milango zaidi ya 80, na kuna bibi ghorofa ya tatu hasemi ndiyo hata kwa salamu.

Ustadh wa Mabatini

Assalamu alaykum. Nije na upande wa Cairo, nilisoma chuo cha Azhar na nimeishi Madinat Nasr miaka sita.

Mji wa kale wa pale ni wa kweli na uko hai. Azhar yenyewe ilianza mwaka 970, na ukitoka swala ya alasiri unavuka barabara uko soko la Khan el-Khalili, mafundi wa shaba bado wanagonga. Kutembelea ni nafuu kuliko Istanbul, na metro ipo tangu 1987, ya kwanza Afrika.

Kununua sasa. Nyumba za katikati ya mji mkongwe wengi wamo kwa kodi ya zamani, mtu anarithi upangaji kutoka kwa baba yake na analipa kiasi kisichonunua hata kilo ya nyama. Sheria ya 2025 imewapa wapangaji wa nyumba za kuishi miaka 7 kabla mikataba hiyo haijafutika, kwa hiyo humo usiingie. Utapelekwa kwenye miji mipya jangwani, mashariki. Na nyumba nyingi Cairo hazijasajiliwa kwenye daftari la serikali, zinauzwa kwa mkataba wa mkononi kutoka mtu hadi mtu. Rafiki yangu wa Kinigeria alinunua hivyo, mwaka wa pili akatokea dada wa muuzaji na mirathi yake. Kesi ilikuwa haijaisha nilipoondoka.

Pauni yao nayo: kabla ya Novemba 2016 dola ilikuwa chini ya pauni 9. Machi 2024, ndani ya siku moja, ilitoka karibu 31 ikaenda karibu 50. Shemeji yako anaposema "nachukua mbili", ndiyo, zimeshuka kwa dola. Kilichozishusha ndicho kitakachoshusha kodi yako pia.

Fundi Igoma

Sasa tuongee nyumbani, maana watu mnasema Buswelu kama vile hela inaota.

Nimejenga Buswelu nyumba nyingi. Tangu manispaa ya Ilemela ihamie kule bei za viwanja zimekimbia, na wapangaji wazuri ni watumishi. Ila wengi wanajenga zao, kwa hiyo nyumba kubwa ya kupangisha inaweza kukaa tupu miezi. Kinachotoka haraka ni vyumba viwili na sebule, choo ndani, maji ya uhakika. Narudia maji. Miamba yetu hii ukipata kiwanja mlimani, msingi utakula hela kabla hujaona ukuta, na gari la maji halipandi.

Malimbe, karibu na chuo, vyumba vya wanafunzi vinajaa Novemba, likizo ndefu unabaki na popo. Usisahau asilimia 10 ya kodi ya zuio kwenye pango.

Na utakapoambiwa kuna kiwanja cha ufukweni Luchelele kwa bei ya kutupa, pima mita 60 kutoka majini kwa miguu yako. Sheria ya mazingira ya 2004 haitaki ujenge humo. Ziwa lenyewe lilikuja kukagua 2020, nyumba za watu zikawa ndani ya maji mpaka madirishani.

Mama Laleli

Fundi umesema kweli. Mimi faida ya Laleli nimeiweka Nyamhongolo, fremu mbili na vyumba vitatu juu. Haina bwawa. Mwezi ukiisha natembea kwa mguu kwenda kudai kodi yangu, na mpangaji akinikimbia najua mama yake anakaa wapi.

Mabondo Mwaloni

Nimewasoma wote usiku, na mama watoto nimemsomea kwa sauti, ingawa sehemu ya kiherehere niliiruka.

Dogo nimemwambia amrudishie mtu wake kabrasha. Kiwanja cha Buswelu nimeshakwenda kukiona na fundi, tambarare, kimepimwa, bomba liko mita kama 40. Tutaanza na nyumba mbili ndogo. Hela zikibaki, na najua hazitabaki nyingi, mimi na mama watoto tunakwenda Istanbul siku nane mwezi wa kwanza, kutembea tu. Feri, Hagia Sophia, soko lile kubwa lenye paa. Nikikutana na dalali nitasema mimi ni mvuvi.

Kuna cha kubeba cha ziada?

Mama Laleli

Koti kaka. Koti zito na viatu vya kufunika. Mara yangu ya kwanza nilishuka Januari na kandambili za Makoroboi, theluji inaanguka, polisi wa uwanjani akaniuliza kama nimepotea.