Tupeane uzoefu: unajipiga picha mwenyewe nje, Kigoma, unajipangaje?

Mwana wa Mwanga
Wakuu, jana pale ufukweni Kibirizi nimemwona binti kaegesha simu kwenye ndoo ya dagaa. Anakimbia kusimama, anarudi kutazama, anakunja uso, anaanza upya. Nimemwelewa kabisa. Ziwa Tanganyika linatoka zuri, wewe unaonekana umebandikwa tu. Wenye uzoefu, mnafanyaje?

Bibi Ujiji
Kwanza saa, mwanangu. Ziwa letu liko magharibi. Jioni ukiligeuzia mgongo, jua liko nyuma yako, uso unatoka mweusi tii. Nenda asubuhi jua likishavuka vilima, linakumulika wewe na maji yanatoka buluu.

Fundi Picha
Washa gridi kwenye kamera, ile mistari inayogawa kioo. Simama kwenye mstari mmoja wa wima, si katikati, na uache nafasi upande unaotazama. Halafu angalia ukingo wa maji na anga: ukipita shingoni, picha imekukata kichwa. Shusha simu ifike usawa wa kifua, kichwa kitokeze angani.

Kijana wa Katonga
Shingo! Kila mara shingo.

Nesi Mhamiaji
Mmenikumbusha mbali. Nilipohamishwa kikazi nilitaka picha moja tu ya kuondoka nayo, niko peke yangu kwenye miamba ya Bangwe. Nikaegemeza simu kwenye jiwe, kandambili moja chini yake isiteleze. Mkoba nikauweka pale nitakaposimama, nikabonyeza kioo juu ya mkoba kamera ishike umbali ule. Kipima muda cha kamera nikakiweka sekunde 10. Jua lilishazama nyuma ya milima ya Kongo, anga bado rangi ya embe bivu, uso hauna kivuli kikali. Ya kwanza ikatoka. Nikarudia. Boti ya abiria ilikuwa imeshapita zamani, mbali, nikaisahau. Wimbi lake likaja kimya, likapanda mwamba, likarudi na simu na kandambili. Maji yale ni maangavu, naiona imelala mchangani kati ya mawe, taa bado inahesabu chini ya maji, kisha flashi ikawaka. Sijui kuogelea. Nililia kwa sauti. Mle ndani mlikuwa na picha za marehemu mama.

Kijana wa Katonga
Dada usituache hapo!! Simu ilitoka?

Mama Wawili
Jamani moyo wangu. Picha za mama je?

Nesi Mhamiaji
Ilitoka. Watoto walikuwa wanaoga jirani, mmoja akazama mara moja akaibuka nayo.

Dereva wa Kasulu
Ungeifukia kwenye mchele usiku kucha.

Fundi Picha
Mchele gani tena? Unaingiza vumbi kwenye tundu la chaji. Zima, futa, iache penye hewa, usichaji.

Dereva wa Kasulu
Yangu ilipona kwa mchele.

Fundi Picha
Ingepona hata bila mchele.

Mwana wa Mwanga
Ndugu zangu, turudi kwenye mada.

Mnyamwezi
Huku Tabora hatuna ziwa, tuna miembe. Jua la mchana likipenya majani, uso unatoka madoadoa. Ingia kivulini mwili mzima au toka mwili mzima. Na tawi lisiote kichwani.

Mama Wawili
Mimi narekodi video natembea, halafu nachagua sehemu moja. Ndiyo njia rahisi.

Fundi Picha
Ubora unashuka. Bora kupiga mfululizo.

Dereva wa Kasulu
Si mwombe mtu tu awapige!

Mama Wawili
Akukate miguu?

Bibi Ujiji
Na pale stesheni yetu Kigoma, lile jengo la Mjerumani, reli ilipofika 1914: mnarudi nyuma mpaka jengo lote liingie, ninyi mnapotea. Sogeleeni kamera, jengo libaki nyuma. Na msisimame relini.

Nesi Mhamiaji
Mama Wawili, za mama zipo zote, na ile ya kwanza ya Bangwe ipo. Nimesimama kushoto, kulia ni maji na Kongo. Ile ya chini ya maji imetoka kijani tupu, sijaifuta.

Mwana wa Mwanga
Kesho asubuhi naenda Kibirizi. Gridi nimewasha, ila juani kioo sikioni.

Kijana wa Katonga
Vuta juu ya kioo kushuka chini, ongeza kile kijua. Na usiweke simu karibu na maji.