Mtu mzima hushikwa kidole afundishwe kubonyeza F2? Mbele ya wateja?

Langoni_Moto
Nimetoka kwa yule fundi wa kompyuta sasa hivi, mikono bado yanitetemeka. Mnamjua. Msinifanye nimtaje, babake na babangu huswali safu moja. Yule wa miwani juu ya kichwa, kila kompyuta kwake ni "mgonjwa".

Shida yangu ilikuwa ndogo. Nina ile kompyuta ndogo ya kubandikwa nyuma ya televisheni, ndiyo inayoendesha duka langu la kupiga chapa. Stima yetu mwaijua: yaenda, yarudi, yaenda tena kana kwamba ilisahau kuaga. Kila ikirudi nipande stuli niiwashe kwa mkono. Nimeambiwa ndani ya BIOS, ile programu inayoamka kabla ya Windows, kuna mahali unaiamuru ijiwashe yenyewe umeme ukirudi. Basi! Nataka kuingia BIOS tu. Nabonyeza F2, Windows. Delete, Windows. Esc, F10, F12, kiganja kizima, Windows yaja na tabasamu lake.

Nikampelekea. Akaiwasha kwa kibodi YAKE na skrini YAKE, ikaingia. Hapo ndipo akanishika kidole.

WALLAHI AKANISHIKA KIDOLE. Duka limejaa, wanafunzi wangoja fomu zao, mama mmoja na hati yake ya shamba, naye kanishika kidole cha shahada kama mtoto wa chuoni anayeonyeshwa alifu, akakipeleka hadi F2, akasema: "Hivi. Pole pole. Usiiogope."

Usiiogope! Mimi! Nimewahi kuzima jenereta iliyoshika moto!

Nimelipa shilingi 500. Nimerudi, nimebonyeza vile vile, pole pole, bila kuogopa. Windows.

Na yule mama alicheka. Aliziba mdomo kwa buibui lakini mabega yalimsaliti.

BintiMkomani
Kidole cha mkono gani? Nauliza kwa sababu za kitaalamu.

Kibodi_Kavu
Kibodi ya kwako ni ya waya au ya bluetooth? Kama ni bluetooth, kompyuta nyingi haziisikii mpaka Windows iwake, ubonyeze hadi kucha zing'oke. Hata zile za kidude cha USB mara nyingine huchelewa kuamka, hasa kama kuwaka haraka kumewashwa kwenye BIOS, kwani kompyuta huruka kuzikagua USB. Azima ya waya. Tena televisheni huchukua sekunde kadhaa kushika picha. Ule mstari wa kukwambia ubonyeze nini umeshapita, wewe watazama giza.

Langoni_Moto
Ni ya bluetooth. Lakini silo ninalolisema. Ninasema KANISHIKA KIDOLE.

Nahodha_Mstaafu
Shukuru. Mimi aliniambia, "Mzee, wewe simu yakutosha."

Kibodi_Kavu
Achana na kukimbizana na vitufe. Ukiwa ndani ya Windows, shikilia Shift ubofye Restart. Itakuja skrini ya samawati: Troubleshoot, kisha Advanced options, kisha mstari wenye neno UEFI. Bofya, itaingia BIOS yenyewe. Kibodi ya waya bado utaihitaji ukishafika huko. Wala usiizime na kuiwasha ukadhani ndiyo hiyo hiyo: tangu Windows 8 ya 2012, kuzima kwa kawaida ni kulala nusu. Restart ndiyo huanza upya kweli.

Langoni_Moto
Ahsante. Ila niambieni, "usiiogope" ni neno la kumwambia mtu mwenye watoto?

PundaMchovu
Kama ni zile kompyuta ndogo za Intel ziitwazo NUC, ikiwa imezimwa shikilia kitufe cha kuwashia sekunde 3, uachie kabla ya ya 4. Yaleta menyu, humo F2 yakungoja bila haraka. Siku hizi ziko kwa ASUS, Intel walijitoa 2023.

BintiMkomani
Shikilia. Pole pole.

Langoni_Moto
Wewe Binti nakujua kwenu.

Mtu_wa_Mokowe
Maneno mengi ya nini. Fungua, chomoa ile betri ya duara CR2032, ngoja, rudisha. Setingi zote zarudi mwanzo.

Shela_Kwa_Mguu
Usimsikilize huyo! Mimi nilichokoa BIOS, Windows ikaniuliza ufunguo wa tarakimu 48. Arobaini na nane! Namba ya simu ya mke wangu siijui. Nikampelekea fundi, yule yule, akaniambia, "Zikumbuke taratibu."

Nahodha_Mstaafu
Mnalia tarakimu. Printa yangu ilitoka Mombasa kwa basi, kufika Mokowe mashua ikaitoza nauli ya abiria. Printa! Nikauliza, kwani imekaa kiti? Akasema, ndiyo, imekaa kiti.

Mtu_wa_Mokowe
Mzee, nilikuwamo mashua ile. Wewe ndiwe uliyeivalisha jaketi la kuokolea.

Nahodha_Mstaafu
Nilihofia wino.

PundaMchovu
😂😂😂 Ilikaa dirishani?

Langoni_Moto
Jamani, kidole changu

Shela_Kwa_Mguu
Nauli ya mashua ni afadhali. Waliokula pesa ni wale wa gatini. Aliyeshusha mzigo ana bei, aliyeupokea ana bei, wa mkokoteni ana bei, na anayetangulia akipiga kelele "pisha, pisha" naye ataka chai.

Nahodha_Mstaafu
Wa "pisha, pisha" nilimlipa mara mbili. Alisema mara ya pili ni ya sauti.

BintiMkomani
Wa mkokoteni yupi, yule wa kofia ya kijani? Aliyeniangushia friji kwenye ngazi akaniuliza kwa nini nimenunua kubwa? Ngojeni, huyo namfungulia uzi wake.