Chardonnay tatu kwa samaki wa kupaka: Chablis, Hemel-en-Aarde au Robertson?

Bilauri_Nyali
Wadau, salamu. Naandaa kadi mpya ya mvinyo kwa mkahawa ninaofanyia kazi huku Nyali, na nafasi ya Chardonnay (mvinyo mweupe wa zabibu za jina hilo) ya kuuzwa kwa glasi ni moja tu. Jumatatu usiku, jiko lilipofungwa, tulikaa wanne tukafungua chupa tatu, lebo tumezifunika kwa gazeti.

Chablis ya Ufaransa, 2021, kileo asilimia 12.5. Rangi kama maji ya madafu. Harufu sikuipata, labda ndimu kwa mbali. Mdomoni ilinitia ganzi ya meno.

Hemel-en-Aarde ya Afrika Kusini, 2022, asilimia 13. Tufaha la kijani, limau, na nyuma yake kitu kama korosho za kukaanga. Uchachu upo ila hauchomi.

Robertson, pia Afrika Kusini, 2022, asilimia 14, imelala kwenye pipa la mwaloni. Rangi ya dhahabu, nanasi, vanila, siagi. Wote wanne tuliipa namba moja.

Chablis ikawa ya mwisho, nayo ndiyo ghali kuliko zote. Linanisumbua, maana wanaoijua hawaisifu bure. Nimekosea wapi? Zote zilitoka kwenye friji ya baa dakika hiyo hiyo.

Bi_Kizingo
Mwanangu, jibu umeliandika mwenyewe kwenye sentensi ya mwisho. Friji ya baa huwekwa nyuzi 4 au 5 kwa ajili ya bia na soda. Kwenye baridi hiyo harufu haipandi kutoka kwenye glasi, na uchachu unakuwa kama wembe. Ile ya mwaloni haikuumia sana kwa sababu vanila na siagi hazifichiki hata zikigandishwa. Chablis haina vanila ya kukimbilia. Ukiinyima harufu umeivua nguo.

Rudia ikiwa nyuzi 10 hadi 12. Mimina kidogo, isizidi theluthi ya glasi, uizungushe na unuse kabla ya kuonja. Kwa joto letu hili haitachukua muda, ila usikisie: tia kipimajoto ndani ya glasi.

Na uchachu usiupime kwa meno. Onja, tema, inamisha kichwa, kisha sikiliza mate yanavyojaa chini ya ulimi. Yakizidi kutiririka, uchachu ni wa juu. Hiyo si kasoro. Kasoro ni uchachu usio na tunda la kuubeba. Kwa hiyo ukishatema, hesabu pia tunda linakaa mdomoni mpaka lini. Ladha ikikatika mara moja, mvinyo ni wa kawaida hata uwe na jina gani.

Baharia_Mstaafu
Enzi za meli nimefunga gati Cape Town mara nyingi, na siku moja rafiki alinipeleka Hermanus, pale watu wanaposimama ufukweni kutazama nyangumi. Bonde la Hemel-en-Aarde liko nyuma ya mji huo tu. Jina lenyewe maana yake mbingu na dunia. Upepo wa bahari ya baridi unapanda bondeni, zabibu zinaiva polepole, uchachu haupotei. Tim Hamilton Russell alinunua shamba huko mwaka 1975, wakati ambapo watu waliona ni kusini mno. Robertson iko bara, ng'ambo ya milima, kwenye bonde la mto Breede. Jua ni kali zaidi, ndiyo maana mnapata nanasi.

Chablis nayo iko kaskazini mwa Burgundy, na Aprili ni mwezi wa kukosa usingizi. Mwaka huo huo wa chupa yako, 2021, baridi iliunguza machipukizi vibaya. Wakulima huko huwasha mishumaa mikubwa kati ya mizabibu usiku kucha, au hurushia mashina maji ili yagande na kufunika chipukizi.

Udongo wake umejaa visukuku vya chaza wadogo wa kale. Mimi nimezaliwa Mji wa Kale, kwenye nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa. Mara ya kwanza kunusa Chablis niliona ukuta wa nyumbani mvua ya kwanza ikiupiga. Wale chaza wamo ndani ya chupa.

Bi_Kizingo
Kaka Baharia, ule ukuta nakukubalia kwa mikono miwili, nami nitauazima darasani. Chaza sikukubalii. Mizizi hainyonyi ladha ya jiwe ikaipeleka kwenye zabibu. Robertson pia ina udongo wa chokaa, na tazama ilivyotoka. Harufu ya jiwe au ya kiberiti kilichowashwa sasa hivi mara nyingi ni misombo ya salfa inayotokea mvinyo unapochachuka, na uchachu wa juu unaiachia nafasi isikike.

Hata ile siagi ina sababu yake. Bakteria hugeuza asidi kali, ile ya tufaha bichi, kuwa asidi laini kama ya maziwa lala, na njiani hutoa harufu ya siagi. Chablis nyingi hupitia hatua hiyo pia, ila hutunzwa kwenye matangi ya chuma na siagi haijitokezi. Msiseme basi kwamba laini ni ya joto na kali ni ya baridi mkafunga hesabu. Mkono wa mtengenezaji umo.

Mpishi_Mtwapa
Mimi nauliza chakula kilikuwa wapi. Mlionja usiku, jiko limefungwa, mkiwa na mkate mkavu! Samaki wa kupaka ana tui zito, kitunguu thomu, tangawizi, ukwaju au ndimu, na moshi wa makaa. Ukimpa mvinyo wa mwaloni unaongeza mafuta juu ya mafuta. Na ukitia pilipili, kile kileo cha 14 kitaichochea.

Duka_Bamburi
Msiitupe Robertson. Kwa bei ya chupa moja ya Chablis mimi huweka rafuni mbili za Robertson, na wateja wangu huirudia. Anayetaka kunywa taratibu barazani bila kula, ile ndiyo yake. Fikiria pia chupa ikishafunguliwa: glasi mbili zikiuzwa leo, zilizobaki zinasubiri hadi kesho kutwa.

Bilauri_Nyali
Ahsanteni sana. Jana Alhamisi tumerudia, chupa mpya, mchana, jiko likiwaka. Kipimajoto cha mpishi, kile cha kupimia nyama, nilikitia ndani ya kila glasi nikangoja kisome 11.

Bi Kizingo, Chablis ilikuwa mvinyo mwingine kabisa. Kwanza ukuta wa Baharia, kweli tupu. Halafu ganda la limau, halafu pea ambayo haijaiva. Nilitema nikahesabu, na nilipofika kumi na tano limau lilikuwa bado liko kwenye kingo za ulimi. Mpishi alileta changu wa kupaka, tui bado linachemka pembeni mwa sahani. Tonge moja, funda moja, na mdomo ukawa safi kana kwamba sijala, nikataka tonge jingine.

Robertson ilizama. Vanila ilikumbatiana na tui hadi samaki sikumsikia, na pilipili ilipanda masikioni kama alivyosema Mpishi. Kwa kuku wa kuchoma asiye na viungo vingi ilikaa vizuri sana, Duka, na nimeibakiza kwenye kadi kwa chupa.

Kwa glasi nimeweka Hemel-en-Aarde. Ilimkata samaki karibu sawa na Chablis, na mgeni atakayeinywa kabla sahani haijafika hatakunja uso. Chablis itauzwa kwa chupa, jina lake limeandikwa chini ya samaki wa kupaka kwenye kadi ya chakula. Tuna friji ndogo nyuma ya kaunta iliyokuwa ikiwekewa maua ya mezani. Asubuhi hii nimeihamishia chupa sita na kuiweka nyuzi 10, na vijana wa baa nimewaomba wasitie bia humo.