Waliopungua mwili mpaka miguu ya chini ikachongoka na kukaza, tupeane uzoefu

Mwanzisha uzi

Habari zenu wadau, akina dada hasa, ila na kaka zetu karibuni. Naomba uzi huu uwe wa mguu wa chini tu, kuanzia goti kushuka kisigino, maana nyuzi za kitambi zimejaa tele na mtu akiuliza habari ya vigimbi anajibiwa "ruka kamba" basi yameisha.

Mimi nilikuwa na kilo 94, sasa hivi nacheza kwenye 80. Kilichotangulia kupungua ni uso, kikafuata kifua, kisha mgongo, tumbo nalo likaanza kuachia. Miguu ndo ya mwisho kabisa na imeanza kuonyesha mabadiliko juzi juzi tu. Na nimesoma na kuuliza watu wanaojua, ukweli ni kwamba hakuna zoezi linaloyeyusha mafuta ya sehemu moja unayoitaka wewe. Ukila kidogo kuliko unachotumia, mwili unachota akiba yake popote kwa mpangilio wake wenyewe, na sisi wanawake homoni zetu zinapenda kuweka akiba kuanzia kiunoni kwenda chini, kwa hiyo huko ndo kunachelewa. Kinachosaidia ni kuendelea kupungua mwili mzima polepole, nusu kilo mpaka kilo moja kwa wiki inatosha, na huku unafanya mazoezi ya nguvu ili nyama isilegee.

Nilichofanya mimi: ugali au wali robo ya sahani, mboga za majani nusu, robo iliyobaki dagaa, samaki, maharage au kuku bila ngozi. Soda na juisi za sukari nimeacha kabisa. Jioni natembea kwa haraka Daraja la Tanzanite na kurudi, upepo wa bahari unasaidia maana joto la Dar mnalijua. Na kila nikipima natumia futi ya fundi cherehani, napima pale penye unene zaidi, ASUBUHI, kwa sababu jioni miguu inakuwa imevimba kidogo ukipima utakata tamaa bure. Nimetoka sentimita 43 nipo 40.

Ila sio kila mguu mnene umejaa mafuta jamani. Kuna wa msuli, kuna wa maji, kuna wa ugonjwa. Ukichangia tuambie wako ulikuwa umejaa nini, ulijuaje, na kimekusaidia nini.

Dada wa Capri Point

Asante sana kwa huu uzi shoga. Wangu ni msuli. Mwanza sisi kila unapokwenda ni mlima, ukienda sokoni unashuka, ukirudi unapanda na mzigo kichwani, tangu utotoni. Nilivyoanza mazoezi ya kupungua nikachagua kupanda vilima asubuhi, kilo zikashuka vizuri lakini vigimbi vikazidi kuwa vigumu na kujitokeza. Mtaalamu mmoja wa viungo ndo akanielekeza namna ya kujua: simama kwa vidole vya miguu, yaani inua visigino, halafu shika nyama ya nyuma ya mguu. Ikiwa ngumu yote na unachoweza kufinya ni ngozi tu basi huo ni msuli. Ikiwa unashika kipande kinene laini juu ya ule ugumu basi hayo ni mafuta.

Sasa kwa mwenye msuli kama mimi akaniambia mlima, ngazi, kamba na viatu virefu vyote vinaufanyisha kazi kubwa ule msuli wa nyuma, kwa hiyo kama sitaki ukue nihamie sehemu tambarare. Nikahamia kutembea barabara ya ziwani na kuogelea, na kila usiku najinyoosha: mikono ukutani, mguu mmoja nyuma, goti limenyooka, kisigino kimekanyaga chini, nahesabu mpaka thelathini nabadilisha. Kunyoosha hakupunguzi unene, msidanganywe, lakini mguu unakuwa mwepesi na maumivu ya kisigino yaliisha. Unene umepungua kiasi, sio sana, na nimeridhika nao.

Mdau wa Kimara

Nafuatilia hapa, nimekaa mkao wa kula. Mimi nina tatizo la kinyume, mwili umeisha mpaka miguu imekuwa njiti na ngozi inaning'inia kwa nyuma. Dada zangu nyie mnaolia na mguu wa bia wenzenu tunautafuta. Kuna la kunisaidia?

Fundi viungo

Mdau wa Kimara, lipo, tena wewe ndo rahisi kusaidika kuliko wote. Umepungua haraka na hukufanya mazoezi ya nguvu, kwa hiyo mwili umekula na msuli pia. Fanya hivi: simama kwenye ukingo wa ngazi, visigino viko nje, shika ukuta, panda juu kwa vidole taratibu, kaa kidogo, shuka taratibu mpaka kisigino kipite chini ya ngazi. Mara 12 mpaka 15, pumzika, rudia seti tatu. Siku mbili au tatu kwa wiki sio kila siku. Ukizoea fanya mguu mmoja mmoja, ukizoea tena shika ndoo ya maji.

Halafu kuna kitu watu wengi hawajui. Nyuma ya mguu kuna misuli miwili, mmoja wa juu unaoonekana umejitokeza na mwingine mpana uko chini yake. Wa juu unafanya kazi zaidi goti likiwa limenyooka, wa chini unafanya zaidi goti likiwa limekunjwa. Kwa hiyo zoezi hilo hilo lifanye na ukiwa umekaa kwenye kiti, mfuko wa mchele kilo kumi juu ya magoti, inua visigino. Na ule mayai, maharage, samaki, maziwa, msuli hauoti kwa chai na mihogo. Ngozi iliyolegea inajivuta kidogo kadiri miezi inavyokwenda, hasa kwa kijana, ila isiporudi yote usihangaike na mikrimu.

Na kwa wote, umbo la kigimbi mtu anazaliwa nalo. Kuna mwenye msuli mfupi na kano ndefu ya kisigino, huyo mguu wake wa chini utakuwa mwembamba hata akinyanyua vyuma. Kuna mwenye msuli unaoshuka mpaka karibu na kifundo, huyo hata akikonda utaonekana umejaa. Hiyo urefu wa kano hakuna zoezi linaloibadilisha.

Niko Eldoret

Huyo Fundi amesema kweli kabisa. Huku kwetu watu wakiona wakimbiaji wanadhani ni kukimbia ndio kumefanya hiyo miguu ikuwe myembamba hivyo. Watafiti wa Copenhagen, yule Bengt Saltin na wenzake, walikuja wakapima vijana Wakalenjin wakalinganisha na wa Denmark, wakapata miguu ya chini ya hawa wetu ni myembamba na myepesi, na hiyo inasaidia kukimbia kwa sababu mguu ukiwa mwepesi hutumii nguvu nyingi kuurusha. Mtoto anazaliwa nayo. Mimi ni wa huku huku na nimekimbia miaka mingi lakini miguu yangu ni ya mama yangu, mizito, na nikaamua kuipenda hivyo. Kilichobadilika ni kwamba imekaza, ukiishika ni kitu ngumu, na napanda mlima bila kuhema. Hiyo inanitosha sana.

Baba Mapacha

Mimi mwanaume, miaka 52. Wangu ulikuwa maji. Nilikuwa nafurahi kilo zinapungua, natembea kila asubuhi, lakini jioni vifundo vyote viwili vimejaa, soksi inaacha alama, ukibonyeza kidole kwenye mfupa wa mbele panabaki shimo. Mke wangu akasema hii sio mafuta baba, nenda hospitali. Kule wakaangalia moyo, figo, mkojo, ini, vyote vizima, daktari akauliza natumia dawa gani, nikamwambia ya presha, amlodipini. Akasema hiyo inaweza kuvimbisha vifundo, akanibadilishia. Miguu ikarudi.

Ndugu zangu msije mkaacha dawa ya presha wenyewe kwa sababu ya miguu! Mwambie daktari abadilishe yeye. Na chumvi punguzeni, Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima isizidi gramu 5 kwa siku ambayo ni kama kijiko kimoja cha chai, kwa siku nzima, pamoja na ile iliyoko kwenye mkate na viungo vya paketi.

Mtanga asilia

Naomba niongee kuhusu matende maana sisi watu wa pwani tunayajua na vijana wa sasa hawayajui. Shangazi yangu mguu mmoja ulianza kujaa taratibu akiwa bado msichana, watu wakawa wanamsifia kanenepa, mguu umenona. Kumbe ni minyoo inayoletwa na mbu, inaziba njia za maji ya mwili. Mpaka wanakuja kushtuka ngozi imeshakuwa ngumu. Nasema hivi kwa sababu mtu mwenye mguu mmoja mnene kuliko mwingine halafu anahangaika na diet na kamba anapoteza muda wake, mguu mmoja kuzidi mwenzie ni jambo la kwenda kuonyesha.

Shangazi alikuja kufundishwa na wahudumu wa afya kuosha mguu kila siku kwa maji safi na sabuni, kukausha vizuri hasa katikati ya vidole, kupaka dawa kwenye vidonda, kuuinua akikaa, na kuuchezesha kisigino juu chini. Zile homa zilizokuwa zinamlaza kitandani zikapungua sana, na anavaa viatu vya kawaida. Na zile dawa za kumeza za matende zinazogawiwa bure zikipita mtaani kwako meza, usiwasikilize wanaosema zinazuia uzazi. Wizara imekuwa ikizigawa tangu 2000 wakianzia kisiwa cha Mafia, na maeneo mengi ugonjwa umeshuka kwelikweli.

Mbeba maboksi

Salamu kutoka Uingereza. Huu uzi umenigusa moyo maana miaka yote nilikuwa naambiwa nina uvivu. Juu navaa saizi ndogo, chini saizi kubwa, miguu yote miwili sawasawa mpaka kwenye kifundo, pale kifundoni inakata ghafla kama imefungwa mpira na nyayo zangu nyembamba kabisa. Nikiguswa naumia, nikijigonga kidogo tu navilia damu. Nikipunguza kula nakonda usoni na kifuani, miguu haitikisiki. Kwenye hospitali ya huku ndo nikaambiwa ni lipidema, yaani ugonjwa wa mafuta kujazana miguuni isivyo kawaida. Ilielezwa na madaktari wa Mayo Clinic Marekani tangu 1940 lakini bado madaktari wengi hawaitambui. Inapata karibu wanawake tu, mara nyingi inaanza ukivunja ungo, au ukibeba mimba, au ukikoma hedhi, na inatembea kwenye familia. Mama yangu na bibi walikuwa na miguu hii hii.

Haiponi kwa kula kidogo, lakini kutokunenepa kunazuia isizidi. Mimi navaa soksi za kubana za kupimwa, naogelea, natembea. Maumivu yamepungua kuliko hata unene. Dada yeyote anayejiona kwenye haya maelezo naomba usijichukie, hukujilisha mwenyewe hiyo miguu.

Mwanzisha uzi

Mbeba maboksi mpenzi wangu asante kwa kufunguka, nimesoma mara mbili. Na Mtanga asilia Mungu ambariki shangazi.

Nimepata ujumbe wa pembeni wa mdada anauliza kufunga miguu na nailoni na kupaka krimu za moto. Mdogo wangu ile inakutoa jasho tu, ukinywa maji imerudi, na ngozi inaungua na kupata vipele. Mwingine anaulizia sindano za kulegeza msuli wa kigimbi, kule Korea Kusini zinafanywa sana, lakini zinafanya kazi kwa kuudhoofisha msuli unaokutembeza, na baada ya miezi unarudi kuchoma tena. Mimi simshauri mtu.

Safari ndefu

Jamani samahani naingilia. Nimesafiri na basi kutoka Bukoba mpaka Dar, tangu jana mguu wa kushoto nyuma umejaa, unauma, wa moto, wa kulia hauna kitu. Nisuguliwe na mafuta ya nazi au nirukie kamba ulegee?

Fundi viungo

USISUGUE na usiruke chochote. Nenda hospitali sasa hivi, leo, sio kesho. Mguu mmoja kuvimba, kuuma na kuwa wa moto baada ya kukaa muda mrefu inaweza kuwa damu imeganda kwenye mshipa wa ndani, na hilo donge likitoka linaweza kwenda kwenye mapafu. Ukiona kifua kinabana au pumzi inakata mwambie aliye karibu akukimbize dharura. Waambie wazi umesafiri basi muda mrefu, na kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango waambie pia.

Safari ndefu

Nimeshapanda bajaji.

Dada wa Capri Point

Tunakuombea. Ukifika na kuhudumiwa tupe taarifa hapa.

Mdau wa Kimara

Pole sana Safari ndefu. Fundi, nimeanza leo kwenye ngazi za nyumbani, miguu inatetemeka ila nimemaliza seti mbili. Ya tatu niimalizie jioni au niache mpaka kesho kutwa?

Fundi viungo

Acha mpaka kesho kutwa. Kesho tembea tu, na ule mayai.