Kishikwambi, iPad, laptopu au simu kubwa kwa kazi za shambani? Naomba ulinganisho

Parachichi_Rungwe:
Habari zenu wakuu. Nasimamia wakulima wa parachichi huku Rungwe, kutwa nipo vijijini nasajili mashamba, nahesabu miche, napiga picha miti yenye ugonjwa, alafu jioni nikirudi Tukuyu ndo naanza kunakili daftari lote kwenye Excel mpaka usiku wa manane. Ofisi wamekubali kuninunulia kifaa kimoja, nichague mwenyewe: laptopu ndogo, iPad, kishikwambi cha Android au simu yenye kioo kikubwa. Mtandao kule milimani ni wa kubahatisha na mvua ya huku mnaijua. Mnaotumia hivi vitu kazini naomba mnisaidie.

Mbao_Mafinga:
Chukua kishikwambi cha Android chenye sehemu ya laini, usifikirie mara mbili. Sisi hapa yadi ya mbao tulikuwa tunapima, mmoja anataja urefu, upana na unene, mwingine anaandika kwenye karatasi, karatasi inashika utomvu na maji, ikifika ofisini karani hajui kama ile ni 1 au 7, simu zinaanza kupigwa. Sa hivi anayepima anaingiza palepale na mita za ujazo zinajipiga zenyewe. Kinachookoa muda ni kuandika mara moja tu. Hiyo kazi yako ya kunakili usiku ndo ya kufuta kabisa mkuu, hata kabla hujawaza aina ya kifaa.

Mhasibu_Mwanjelwa:
Mi natofautiana kidogo. Mwisho wa mwezi lazima uandike ripoti ndefu, uunganishe majedwali, upange malipo, na hiyo kazi kwenye kioo inachosha vidole na macho. Laptopu bado ni laptopu. Ukichukua kishikwambi basi dai na keibodi ya bluetooth, la sivyo utakuwa umehamisha mateso tu.
Alafu kuna jambo wengi hawalijui: Word na Excel za simu unahariri bure kama kioo hakizidi inchi 10.1, kikizidi hapo Microsoft wanataka uwe na usajili wa kulipia wa 365. Kwa hiyo usikimbilie cha inchi 11 kwa sababu kinapendeza, muulize kwanza bosi kama huo usajili upo.

Ramani_Iringa:
Kamwene wote. Natumia iPad kazini na naipenda kwa moyo wote, kioo kizuri, chaji inakaa, na inapata masasisho miaka mingi kuliko vishikwambi vingi. Lakini kwa kazi yako kuna vitu viwili lazima uvijue. iPad ya Wi-Fi peke yake haina GPS, kile kipokezi kinachoonyesha mahali ulipo, inayo ile yenye laini tu, na bei yake iko juu zaidi. Pili KoboCollect na ODK Collect, zile za kujazia fomu za taarifa ukiwa shambani, ni programu za Android, kwenye iPad utaishia kujaza fomu ya kwenye brauza. Unaweza, ila kwa mtu wa kuchukua mipaka ya mashamba kila siku mi nisingekushauri.

Parachichi_Rungwe:
Ndaga fijo kaka, hilo la GPS sikulijua kabisa. Na hiyo KoboCollect bila mtandao inafanyaje?

Ramani_Iringa:
Unapakua fomu ukiwa mjini, kule shambani unajaza, picha na kila kitu vinakaa kwenye kifaa, ukirudi kwenye mtandao ndo unatuma. GPS yenyewe haihitaji bando maana inasoma satelaiti, ila bila data inachelewa kushika, kwa hiyo toka chini ya migomba, simama peupe, subiri kosa la kipimo lishuke mpaka kama mita 5 hivi ndo uhifadhi. Watu wana haraka wanahifadhi ikiwa mita 40, baadae kwenye ramani shamba la mzee linaonekana limeingia kwa jirani, hapo ujue kesi ya mpaka imeanza.

Mwalimu_Makambako:
Mimi natumia kimoja cha vile vishikwambi vya sensa ya 2022 tulivyogawiwa walimu. Kusoma, kupiga picha kazi za wanafunzi, kuingiza alama, kinanifaa sana. Kuandaa mtihani wenye michoro hapana, naazima laptopu.

Dada_Uyole:
Mdogo wangu hakuna aliyegusa mvua hapo juu. Matone yakidondoka kwenye kioo yenyewe yanabonyeza, umeandika miche 50 inakuwa 500 na wewe huoni. Mimi nabeba kitambaa kikavu mfukoni na nafunga kifaa kwenye mfuko wa nailoni unaoonyesha, napiga hatua mpaka kwenye kibaraza ndo nahakiki namba pamoja na mkulima mwenyewe. Kama ofisi ina hela, Galaxy Tab Active5 imetengenezwa kwa kazi za nje, ina IP68 yaani inazuia vumbi na maji, kalamu yake, na betri inatolewa unaweka nyingine. Hela ikiwa ya kawaida, Galaxy Tab A9 yenye laini, kioo cha inchi 8.7, unaishika kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika tawi, ongeza kava gumu na pawabenki. Simu kubwa nayo inafanya kazi, ila ukimwonyesha mzee ramani ya shamba lake anakunja uso, haoni kitu.

Na tafadhali weka nywila. Mle ndani mna majina, namba za simu na mashamba ya watu, kikiibiwa kwenye bodaboda ni wao wanaoumia.

Parachichi_Rungwe:
Nimeelewa dada, shikamoo. Naandika ombi la Tab A9 ya laini na keibodi, laptopu ya ofisini nitaitumia kwa ripoti za mwezi. Picha je, hazitamaliza bando nikituma?

Ramani_Iringa:
Ingia kwenye mipangilio ya KoboCollect, sehemu ya ukubwa wa picha, weka pikseli 1024. Ugonjwa kwenye jani unaonekana vizuri tu. Ila jani moja lipige kwa karibu na mti mzima upige peke yake.

Dada_Uyole:
Marahaba. Na uombe laini za mitandao miwili, kuna vijiji vya huko mmoja haushiki kabisa.