Gita la Uhispania lililotengenezwa kwa mkono limepoteza sauti, fundi anataka kuliwekea waya

Mzee_wa_Cheyo
Wakuu habari za jioni. Niko Tabora mjini. Mwaka jana mwezi wa 12 nilinunua gita la nailoni kwa mwalimu wetu wa kwaya, laki nne, yeye aliachiwa na padri mmoja Mhispania aliyerudi kwao. Ukichungulia kwenye tundu kuna karatasi imeandikwa Granada 1978. Ubao wa mbele una rangi ya chai iliyokolea, nyuma ni mweusi wenye mistari ya zambarau.

Sasa wakuu lile gita lilikuwa linaongea, nyuzi ya nne ukiigusa tu unaisikia tumboni halafu inakufa taratiiibu. Mvua zilipokata likaanza kubadilika, mwezi huu wa 9 sauti imekuwa nyembamba, kavu, nyuzi ya kwanza inakwaruza kuanzia freti ya tano (vile vyuma vya kukata shingo), na ukipitisha kiganja pembeni ya shingo hizo freti zinakukwangua kama msumeno. Fundi mmoja hapa anasema tatizo ni hizo nyuzi za plastiki, niweke waya litoe sauti kama magita ya bendi ya Tabora Jazz enzi zile. Nawasilisha.

kapuku01
Laki nne mkuu? Hao si mbuzi kabisa hao 😂

Seremala_Ujiji
USITHUBUTU. Nyuzi za nailoni zote sita zinavuta kama kilo 40, za waya zinafika 70 na zaidi, na kifua (ubao wa mbele) cha gita la klasiki kama lako ni milimita mbili na kitu tu, ndani kimeshikwa na vijiti vyembamba vimetandazwa kama feni. Litavimba tumbo, siku moja usiku utasikia paa! daraja, kile kibao kinachoshikilia nyuzi kifuani, limeng'oka na nyama ya ubao.

Gita lako lina kiu tu. Mbao inakunywa unyevu na kuutoa, kiangazi cha huko kinakausha mpaka midomo, kifua kinanywea, nyuzi zinashuka, ndo kukwaruza huko. Shingo nayo inasinyaa ila chuma hakisinyai, ndo msumeno wako huo. Chukua kisahani cha sabuni chenye matundu, weka sponji uliyoikamua vizuri isidondoshe maji, fungia na gita kwenye boksi lake. Huku kwetu ziwani shida hiyo hatuijui sana.

Mzee_wa_Cheyo
Asante mkuu. Ila kuna kitu sikusema, nilikuwa nalifuta jasho kwa spiriti, pale mkono unapolala pamefanya ukungu na pananata.

Mama_Nota
Uuuwi kaka yangu! Magita mengi ya aina hiyo yanapakwa shelaki, aina ya vanishi, kwa kitambaa, na shelaki inayeyushwa kwa spiriti, kwa hiyo umekuwa ukiivua nguo kidogo kidogo. Kuanzia leo kitambaa laini kikavu, basi.

Kuhusu sauti, hiyo rangi ya chai inaonekana ni mbao ya sida nyekundu ya Amerika Kaskazini, fundi magita José Ramírez III wa Madrid ndiye aliyeisambaza miaka ya 1960, kabla yake wengi walitumia mbao nyeupe ya spurusi. Sida ina sauti nene yenye joto na inaitika haraka hata ukigusa kidogo, ila ukiikandamiza sana inachoka, spurusi inakwenda nawe hadi mwisho. Mgongo huo utakuwa rozwudi, ndugu yake mpingo wetu. Lakini sauti inatoka kifuani zaidi, Antonio de Torres, fundi magita wa Uhispania, alishatengeneza gita mwaka 1862 mgongo na mbavu za karatasi ngumu na likapiga vizuri.

bongo_besi
Jamani mnampa darasa na hajatuambia nyuzi zina umri gani. Zile tatu nene zina uzi laini ndani umezungushiwa chuma, zikizeeka zinakuwa bubu hata gita liwe la mfalme.

Mzee_wa_Cheyo
😅 Nimelinunua nazo, sijawahi kubadilisha. Zile nene zimekuwa nyeusi kabisa.

bongo_besi
Ehee.

Seremala_Ujiji
Sponji kwanza wiki mbili ndipo nyuzi mpya, na zile za mvuto wa kawaida, usidanganywe za mvuto mkubwa.

Mzee_wa_Cheyo
Sawa wakuu, sponji imeingia usiku huu. Sasa fundi kanipigia, waya keshanunua kwa hela yake na kesho saa tatu anakuja na koleo. Namwambiaje, na ni shemeji yangu?