Kikundi cha Ukoo: Neema anatafuta kamera

Neema: Shikamooni wakubwa zangu. Nina jambo naomba tusaidiane. Akiba yangu imefika mahali pazuri, nataka kununua kamera ya kubadilisha lenzi. Kazi zake mbili tu: kupiga picha wanangu wakicheza mpira, na kumrekodi Bibi kwa video akisimulia habari za ukoo. Nimesoma mpaka kichwa kinauma, kila mtu anasema lake.

Mama: Marahaba mwanangu. Hilo la Bibi nimelipenda mno. Kuna majina anayajua yeye peke yake.

Shangazi Zuhura: Marahaba Neema. Lakini simu haitoshi? Hizi za siku hizi picha zake safi kabisa.

Mjomba Idi: 🎤 Ujumbe wa sauti (3:12)

Mama: Idi kaka yangu, andika tafadhali. Niko kwenye watu hapa, siwezi kusikiliza.

Mjomba Idi: Haya. Zuhura, kwa mchana wa jua na picha ya kutuma humu, simu inatosha. Inaposhindwa ni pale mtoto yuko upande wa pili wa uwanja anakimbia, au Bibi amekaa ndani na mwanga ni wa dirisha moja. Kihisi cha simu, yaani kipande cha ndani kinachopokea mwanga na kuunda picha, ni kidogo sana. Kamera zina vihisi vya saizi mbalimbali. Cha kamera ya fremu kamili ni milimita 36 kwa 24. Cha APS-C ni kama 23 kwa 15, na cha Micro Four Thirds ni kama 17 kwa 13. Hata hicho cha mwisho kinakipita cha simu mbali, na eneo kubwa hukusanya mwanga mwingi. Halafu lenzi ya simu huwezi kuibandua ukaweka nyingine.

Junior: Dada Neema chukua ya 8K na megapikseli nyingi uwezavyo. Usikubali chini ya 40.

Kaka Baraka: Junior hapana. Fremu moja ya video ya 4K, yaani picha moja kati ya zile zinazoiunda, ni pikseli 3840 kwa 2160, yaani megapikseli 8 na kidogo. Kamera ya megapikseli 24 inatosha kwa 4K na bado utachapisha picha ya kutundika ukutani. Zikizidi hapo unajaza kadi na kompyuta tu.

Junior: Kwa hiyo 4K zote ni sawa?

Kaka Baraka: Hazifanani hata kidogo. Kuna kamera zikirekodi 4K zinakata kipande cha katikati ya kihisi na kutupa pembeni. Chukua Canon EOS M50 ya 2018. Ukiwasha 4K inakata picha kwa mara 1.6 zaidi, na ule mfumo wake mzuri wa fokasi, yaani wa kulenga picha iwe kali, unaoitwa Dual Pixel, haufanyi kazi. Kwenye boksi imeandikwa 4K, ukifika nyumbani chumba hakitoshi kwenye picha. EOS R50 ya 2023 inatumia upana wote wa kihisi na fokasi inabaki. Neno ni lilelile, matumizi mbalimbali.

Neema: Asante kaka, hilo sikulijua. Sasa kuna mtu ananiuzia Nikon D90 kwa bei ya chini kabisa, na lenzi juu. Bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, bado safi. Vipi?

Mjomba Idi: Kwa picha, bado itakupa picha nzuri. Kwa video, iache. D90 ndiyo SLR ya dijitali ya kwanza kurekodi video, mwaka 2008, na mwaka huohuo Canon ikatoa 5D Mark II. Kamera za aina hiyo zina kioo ndani kinachopeleka picha kwenye kidirisha cha kuchungulia. Ukirekodi video, lazima kioo kiinuke, na kikiinuka kidirisha kinakuwa giza na fokasi ya haraka inapotea. D90 haifokasi yenyewe kabisa wakati inarekodi. Bibi akiinama mbele kidogo, uso umeshapotea kwenye ukungu.

Kaka Baraka: Na Bibi akisimulia huwa hatulii 😄 mikono, kichwa, anasimama kuonyesha mtu fulani alivyokuwa anatembea.

Mama: Kweli kabisa!

Mjomba Idi: Ndiyo maana nasema kwa kazi mbili kama zako, tafuta kamera isiyo na kioo. Zilianza mwaka huohuo 2008 na Panasonic G1, na leo ndizo zinazotengenezwa zaidi. Unachokiona kwenye kidirisha ndicho kihisi kinachokiona, kwenye picha na kwenye video. Fokasi inafuata jicho la mtu. Mimi nimekulia kwenye vioo na navipenda mpaka leo, lakini ushauri ni ushauri.

Junior: Ujumbe huu umefutwa

Shangazi Zuhura: Jamani mimi niseme moja. Video nyingi tunazotumiana humu sauti hazisikiki. Unaona midomo inatembea, upepo unapiga vuuu. Sasa masimulizi ya Bibi yasiposikika itakuwa tumerekodi nini?

Kaka Baraka: Shangazi umegusa penyewe. Mtu anavumilia picha yenye chenga, sauti mbovu havumilii. Neema, maiki ya ndani ya kamera yoyote ni ya dharura tu, inasikia mpaka vidole vyako vikigusa bodi. Hakikisha kamera ina tundu la maiki la milimita 3.5, kisha nunua maiki ndogo ya kubana kwenye nguo. Umbali ndio adui. Ukiongeza umbali kati ya mdomo na maiki mara mbili, nguvu ya sauti inabaki robo. Maiki ya bei nafuu iliyo kifuani kwa Bibi inaishinda ya bei kubwa iliyokaa juu ya kamera mita tatu kutoka kwake.

Neema: Na tundu la hedifoni? Nimeona nyingine zinalo, nyingine hazina.

Kaka Baraka: Ni zuri sana kuwa nalo, kwa sababu unasikia hitilafu wakati bado unaweza kuitengeneza. Lakini bodi nyingi za chini hazina. Sony ZV-E10 inayo matundu yote mawili, a6400 ina la maiki tu. Na hapo angalia mtego: ZV-E10 haina kidirisha cha kuchungulia. Uwanjani jua likiwa kali skrini huioni vizuri, na lenzi ndefu ikitikisika mbele yako unamtafuta mtoto humpati. Kidirisha ukikibana jichoni, kamera inapata na pa kuegemea.

Neema: Kwa hiyo nachagua kati ya kusikia na kuona 😩

Mjomba Idi: Au unaongeza fedha uchukue a6700, ina vyote na ina kizuia mtikisiko ndani ya bodi. Lakini ngoja kwanza kabla hujaongeza. Tuzungumze lenzi, kwa sababu humu watu mnazungumza bodi tu tangu tuanze.

Mjomba Idi: Bodi utaibadilisha baada ya miaka kadhaa. Lenzi zinabaki. Kwa hiyo unaponunua bodi, jua umenunua na maunti yake, yaani pale lenzi inapofungwa, na kampuni inaweza kuifunga maunti hiyo wakati wowote. Samsung walikuwa na NX, wakaiacha. Nikon 1 ilianza 2011, ikaisha 2018. Hiyo M50 aliyoitaja Baraka ni ya maunti ya EF-M, Canon waliianza 2012 na kufikia 2023 wakaisimamisha. Kamera bado zinafanya kazi, ila lenzi mpya hazitoki tena. Usiingie kwenye nyumba ambayo mwenyewe ameshahama.

Neema: Zipi ziko hai mjomba?

Mjomba Idi: Sony E tangu 2010, na lenzi za makampuni mengine ni nyingi mno, jambo linaloshusha bei. Micro Four Thirds, ambayo Panasonic na OM System wanatumia lenzi moja. Fujifilm X. Nikon Z. Canon RF, ambayo kwa APS-C ilikuwa na lenzi chache, lakini tangu 2024 Sigma na Tamron wameanza kuitengenezea. L ya Leica, Panasonic na Sigma pia ipo, ila ni nzito kwa mahitaji yako. Hapo huendi vibaya popote. Tazama bei ya lenzi MBILI unazozihitaji katika kila maunti, ndipo urudi kwenye bodi.

Neema: Lenzi mbili zipi?

Mjomba Idi: Moja ya Bibi, moja ya mpira. Ile inayokuja na bodi, 16-50mm ya f/3.5-5.6, ni ya kuanzia. Hizo mm ni urefu wa lenzi, zikiwa nyingi inavuta mbali zaidi. Namba ya f ni uwazi wa kupitisha mwanga, ikiwa ndogo uwazi ni mkubwa. Hiyo ya kuanzia si mbaya, lakini ndani ya chumba inasinyaa. Kwa Bibi chukua 35mm ya f/1.8. Uwazi wa f/1.8 unaingiza mwanga kama mara nne ya f/3.5, na karibu mara kumi ya f/5.6. Hiyo ni tofauti kati ya sura ya Bibi na sura yenye chengachenga. Kwa mpira unahitaji urefu wa angalau 200mm. Kwenye kihisi cha APS-C cha Sony, kama cha a6400, 210mm inaonekana kama 315 ya fremu kamili. Kwenye Micro Four Thirds urefu unazidishwa mara mbili, ndiyo sababu wapenda ndege wengi wako huko.

Kaka Baraka: Na lenzi za Sony E 35mm f/1.8 na 55-210 zote zina kizuia mtikisiko ndani yake. Hapo ndipo a6400 isiyo na kizuia mtikisiko kwenye bodi inapopona. Neema, video utarekodi ukiwa unatembea?

Neema: Hapana. Bibi atakuwa amekaa. Mpira nataka picha zaidi.

Kaka Baraka: Basi stendi ya miguu mitatu ndiyo kizuia mtikisiko chako. Kama ungekuwa unatembea na kamera mkononi ningekusukuma kwenye Panasonic au a6700 bila kupepesa. Ila ujue a6400 kwenye 4K ukiizungusha haraka, nguzo za goli zinalala upande, kwa sababu kihisi kinasoma picha mstari kwa mstari. Wewe hauzungushi, haikuhusu sana.

Junior: Na joto? Nimesoma zinazima zenyewe.

Kaka Baraka: Swali zuri Junior. Nyingine zinazima kwa joto, na nyingine, hasa za zamani, zinakata zikifika dakika 29 na sekunde 59. Hiyo haikuwa kasoro ya mashine. Ulaya kifaa kinachorekodi dakika 30 au zaidi kilihesabiwa kuwa kamera ya video na kutozwa ushuru mwingine. a6400 haina kikomo hicho. Kwenye menyu kuna mpangilio wa joto la kuzima, weka juu, fungua skrini itoke kwenye bodi, na ichomeke umeme kwa USB. Betri yake ni ndogo, masimulizi marefu itakufia katikati.

Mama: Bibi akianza hamalizi kwa dakika thelathini.

Neema: 😂 Kadi je?

Kaka Baraka: Iandikwe V30, maana yake haishuki chini ya megabaiti 30 kwa sekunde. 4K ya megabiti 100 kwa sekunde inakula megabaiti 12.5 kwa sekunde, maana baiti moja ni biti nane, ambayo ni gigabaiti 45 kwa saa. Kadi ya gigabaiti 64 inapita saa moja kidogo. Nunua mbili. Na siku hiyohiyo nakili kwenye diski mbili tofauti kabla hujafuta chochote. Kwa hilo nakuomba kabisa, usilale kabla.

Shangazi Zuhura: Na moja muweke kwangu.

Mjomba Idi: Mipangilio nayo isikutishe. Bibi: fremu 25 kwa sekunde na shata, yaani muda kihisi kinapokea mwanga, ya 1/50 ya sekunde kama umeme wa taa ni wa hertzi 50, au fremu 30 na 1/60 kama ni wa 60, la sivyo taa zitapepesa kwenye video. Mpira: shata ya 1/1000 au ya haraka zaidi, na fokasi ya kumfuata anayekimbia. Ukirekodi Bibi nje mchana utahitaji filta ya ND, miwani ya jua ya lenzi, kwa sababu 1/50 inaingiza mwanga mwingi.

Neema: Basi nimefikia hapa. a6400 iliyotumika, bodi peke yake. 35mm f/1.8 na 55-210. Maiki ya kubana. Stendi. Kadi mbili. Fedha ya tofauti ya a6700 ndiyo inanunua lenzi na maiki. Hedifoni nitakosa.

Kaka Baraka: Rekodi dakika moja ya majaribio kila mara, hamishia kwenye simu, sikiliza, ndipo uanze kweli. Si sawa na tundu lenyewe, lakini maiki isiyochomekwa vizuri utaigundua.

Mjomba Idi: Nakubaliana, na huwa sikubali upesi. Ukienda kuiangalia, piga ukuta mweupe kwa f/16 uone kama kihisi kina madoa. Mulika tochi ndani ya lenzi utafute ukungu kama utando wa buibui, ukiuona ondoka. Rekodi 4K robo saa palepale mbele ya muuzaji. Na uende na maiki yako, tundu likiwa limelegea utasikia mkwaruzo.

Neema: Asante sana mjomba. Kaka, unaweza kunisindikiza?

Kaka Baraka: Nitakuja. Maiki ninayo, usinunue ya kwako mpaka tujaribu hii yangu.

Junior: Na mimi nije?

Kaka Baraka: Njoo na tochi na kompyuta yako. Utafungua faili palepale tuone kwenye skrini kubwa.

Mama: Mimi naanza kuandika maswali ya kumuuliza Bibi. Kila mmoja anitumie yake, msitume humu, nitumieni mimi.